Asali ya Mwezi wa Saba na Mafuta ya Moteri

  Leo nina neno nanyi madereva wa Lubumbashi juu ya mafuta ya moteri.

Nianze na neno lenyewe, maana linatuchanganya. Kiswahili kina jina moja, mafuta, kwa vitu vingi: ya kukaangia samaki, ya kujipaka mwilini, ya kuwashia taa, ya kuendeshea gari. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wakitaka kutenganisha husema oili. Sisi huku, kinachoingia katika tangi tunakiita kwa jina lake, esansi au mazuti, na mafuta ya moteri ni yale yanayokaa tumboni mwa injini, yakipita kati ya chuma na chuma ili visitafunane. Ndiyo tunayoyamwaga siku ya vidanji. Hayo ndiyo ninayoyasema.

Mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, katika baridi ile inayokufanya uvae koti hata ndani ya nyumba, jirani yangu aliwasha taksi yake. Ni Toyota IST, ile ndogo tunayoijua wote. Ilitoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha ikaja kwa magurudumu yake kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani kwetu. Injini ilipowaka ilitoa sauti, kata-kata-kata, kama mtu anayetikisa sahani za bati ndani ya gunia. Nilikuwa uani nikinawa uso. Nikahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ndipo ikanyamaza.

"Mdogo wangu," nikamwita, "unaisikia hiyo?"

"Yaya, ni baridi tu. Ikipata moto inatulia."

"Umetia mafuta gani?"

"Ya arobaini. Mazito, ya nguvu. Fundi aliniambia huku kwetu kuna jua kali, ukitia mepesi yanageuka maji."

Maneno hayo nimeyasikia katika garaji nyingi za mji huu, na wanaoyasema si wajinga. Ni mafundi waliokulia kwenye Land Rover na Peugeot 404, injini za zamani ambazo nafasi kati ya vyuma vyake zilikuwa pana, na mafuta mazito yalizijaza vizuri. Kwa mashine zile walikuwa na haki. Shida ni kwamba gari limebadilika na neno limebaki lilelile.

Twendeni polepole. Mnaijua asali ya porini, ile inayouzwa kwenye chupa za plastiki kandokando ya barabara. Inunue mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, wakati joto linapita digrii 30: ukiinamisha chupa, inashuka yenyewe. Inunue mwezi wa saba asubuhi, wakati baridi yetu inashuka chini ya digrii 10: utaipindua chupa, utaigonga kitako, utangoja. Asali ni ileile. Mafuta ya moteri yana tabia hiyohiyo. Usiku gari likisimama, karibu mafuta yote yanateremka na kukaa chini kwenye karteri, kile chungu kilicho chini ya injini. Asubuhi ukiwasha, pampu ndogo inapaswa kuyavuta kutoka chini na kuyapandisha mpaka juu kabisa, kwenye vyuma vinavyofungua na kufunga vali. Kama ni mazito kama asali ya mwezi wa saba, yanachelewa. Na katika zile sekunde tano nilizozihesabu, chuma kinasuguana na chuma, kikiwa na utando mwembamba tu wa mafuta ya jana. Injini hulika sana wakati huo wa kuwaka na kupata moto. Kwa hiyo jirani yangu aliposema ikipata moto inatulia, alisema kweli, lakini madhara yalikuwa yameshapita.

Sasa lile la jua. Mtu atasema: baridi ni ya miezi mitatu tu, na joto la mwezi wa kumi je? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo wengi tunapokosea. Injini ina kitu kinaitwa termostati, kijilango kidogo kwenye njia ya maji ya radiateri. Maji yakiwa baridi kinajifunga, yakipata moto kinafunguka, na hivyo injini inakaa karibu na digrii 90, iwe Juni au Oktoba, iwe Lubumbashi au London. Injini iliyokwisha kupata moto, yenye radiateri nzima na maji kamili, haioni tofauti kubwa kati ya mwezi wa saba na mwezi wa kumi. Jua linakuunguza wewe dereva. Mafuta yaliyo ndani yanaunguzwa na moto wa injini yenyewe, na aliyetengeneza injini aliuhesabu moto huo alipoyachagua.

Nasikitika kusema kwamba katika garaji zetu wengi huing'oa termostati na kuitupa, eti gari la Afrika halihitaji. Injini bila termostati huchelewa kupata moto. Esansi isiyoungua vizuri huteleza ukutani mwa silinda na kushuka ndani ya mafuta, unyevu nao haukauki, na baada ya muda mafuta yanakuwa uji mweusi. Mtu huyo atalalamikia mafuta, abadilishe aina tatu, na kumbe kosa lilifanyika siku alipoondoa kijilango kile. Kama gari lako linachemka, tafuta kinacholichemsha.

Basi tusome bidoni. Utaona herufi SAE, halafu namba kama 5W-30, 15W-40, 20W-50. SAE ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1905, na tangu 1911 kimekuwa kikipanga mafuta kwa uzito wake. Namba hizo si digrii za joto, wala si kipimo cha ubora. Zinaeleza uzito tu. Ile ya kwanza, yenye W, inasema mafuta yanajibebaje yakiwa baridi. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo mafuta yanavyokimbia upesi asubuhi. Namba ya pili inapimwa kwenye joto la digrii 100, pale ambapo maji huchemka pwani. Sisi tulio mita 1,200 juu ya bahari, yetu huchemka mapema kidogo, kwenye 96 hivi.

Kwa hiyo 5W-30 hukimbia asubuhi kama mafuta mepesi, na ikipata moto inasimama kwenye uzito wa 30. Haigeuki maji. Ile "arobaini" ya jirani yangu, isiyo na W yoyote, ina uzito mmoja tu uliopimwa, wa moto. Alfajiri ya baridi hakuna aliyekuahidi chochote.

Injini ya IST, na ya Vitz, na ya Corolla nyingi za miaka ile, ina mtambo unaoitwa VVT-i. Mtambo huu hubadilisha saa ya vali kufunguka kulingana na mwendo, na kinachousukuma ni shinikizo la mafuta hayahaya, kupitia njia nyembamba na kichujio kidogo. Mafuta mazito kupita kiasi huufanya uwe mvivu. Mafuta machafu huuziba. Ndipo taa ya injini inawaka, fundi anauza sensa, sensa haiponyi, na mwenye gari anaanza kumshuku mchawi.

Tukafungua boneti ya IST ile, mimi na jirani. Kwenye chuma cha mbele, nyuma ya taa, palikuwa na karatasi ndogo ya kunata, imefifia, yenye maandishi ya Kijapani. Magari mengi yanayotoka kule huja nayo, hapo au kwenye ubavu wa mlango. Fundi aliyefanya vidanji ya mwisho huko Japani aliibandika. Herufi hatuzisomi, lakini tarakimu ni zetu sote. Ilisema 0W-20. Ikasema kilomita ngapi gari lilikuwa nazo, na kilomita ngapi vidanji nyingine ifanyike. Na mwaka: 27.

"Yaya, hii gari ni ya mwaka 1927?" akaniuliza akicheka.

Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao. Enzi iliyoanza 1989 iliitwa Heisei, kwa hiyo kama karatasi ni ya enzi hiyo, ongeza 1988 juu ya namba: 27 inakuwa 2015. Enzi mpya, Reiwa, ilianza 2019. Humo unaongeza 2018, na mwaka wa 2 unakuwa 2020. Usiibandue karatasi hiyo. Ni barua ya fundi kwa fundi, imevuka bahari, na kilomita zilizoandikwa hapo zitakuambia pia kama aliyekuuzia gari aliirudisha nyuma saa ya kilomita.

Ukikosa karatasi, angalia kifuniko cha kujazia mafuta juu ya injini. Mara nyingi namba imeandikwa hapo. Ukikosa hiyo, kitabu cha gari. Na kitabu, baba zangu, mara nyingi hakitoi namba moja tu. Hutoa mchoro wa joto la nje na namba mbalimbali zinazoruhusiwa, hasa vile vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zisizo Ulaya wala Japani. Kwa hiyo mtu asije akakutisha kwamba ukitia 10W-30 umeua gari. Mimi, kwa gari dogo la esansi la Kijapani lililokwisha kutembea na lenye afya, hapa Lubumbashi nachagua 5W-30. Inapatikana, inaamka upesi asubuhi, na ina mwili wa kutosha kwa safari ya Kolwezi, kilomita 300 na kitu, ikiwa na mzigo. Ile 0W-20 ni nzuri kama injini ni changa na unaipata halisi. Kama injini imechoka na inakunywa mafuta, panda hatua moja, nenda 5W-40 au 15W-40 kama kitabu kinaruhusu. Zile 20W-50 na arobaini tupu waachie wenye injini za zamani kweli, au mzee wa injini anayesukumwa tu afike siku ya kufanyiwa matengenezo makubwa.

Karibu na namba kuna herufi, na hizi watu hawaziangalii kabisa. API ni taasisi ya mafuta ya Marekani. Herufi S mbele ni ya injini za esansi, C ni ya mazuti. Herufi inayofuata S ni ya umri: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo mafuta yalivyo ya kisasa. SL ilikuja 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Iliyo mpya inaweza kuingia mahali pa ya zamani, lakini ya zamani haiwezi kukaa mahali pa mpya. Mafuta yenye SF yaliwekwa kwa injini za hadi 1988. Yenye SC, hadi 1967. Na bado utayakuta yamepangwa dukani, bidoni inang'aa, picha ya gari la mashindano mbele, bei ndogo. Geuza bidoni, soma nyuma. Mtu akikuuzia SC kwa gari la 2008, amekuuzia dawa ya babu yako.

Kwa wenye mazuti, habari ni tofauti kidogo. Mazuti yenye salfa nyingi yakiungua hutoa asidi, na asidi hiyo hushuka ndani ya mafuta. Ndiyo maana mafuta ya dizeli hutiwa dawa nyingi zaidi ya kuizima. Dawa hiyo hupungua kila siku kama chumvi inavyoyeyuka kwenye maji, na ikiisha asidi inaanza kula vyuma. CI-4 ya mwaka 2002 ilitengenezwa kwa kazi ngumu ya malori. CK-4, iliyokuja mwishoni mwa 2016, ililenga zaidi injini mpya zenye chujio la moshi na mazuti safi. Kama una lori la zamani au Land Cruiser ile ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, usikimbilie herufi mpya kwa sababu ni mpya. CI-4 ya 15W-40, iliyo halisi na inayobadilishwa kwa wakati, mara nyingi itakutumikia vizuri.

Na wenye pikipiki, dakika moja. Katika pikipiki nyingi za taksi, mafuta ya injini ndiyo yanayoogesha klachi. Mafuta mepesi ya gari yenye dawa ya utelezi huifanya klachi iteleze, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi. Tafuta bidoni yenye maandishi JASO MA. Basi.

Wakati wa kubadilisha sasa. Kila mtu anajua kilomita 5,000. Lakini waulizeni wanaofanya kazi migodini: tingatinga na mitambo mikubwa haihesabiwi kwa kilomita, inahesabiwa kwa saa. Kuna saa ndogo inayohesabu muda wote injini inapozunguka, na mitambo mingi hubadilishwa mafuta kila baada ya saa 250 au 500. Kwa nini? Kwa sababu injini inachoka hata ikiwa imesimama. Katika hesabu zinazotumika kwa magari ya kazi, saa moja ya kusimama injini ikizunguka hulinganishwa na kilomita 50 hivi za barabarani. Sasa fikiria lori kwenye foleni ya mpaka, injini inanguruma ili kabini ipate hewa au ili lisogee mita 20. Saa kumi za namna hiyo ni kilomita 500 ambazo mita ya gari haikuziandika. Fikiria taksi kwenye msongamano wa katikati ya mji, mwezi wa kumi na mbili, mvua inanyesha. Taksi inayotembea kilomita 150 kwa siku inafikisha 5,000 kwa siku 33. Kwa hiyo dereva wa taksi afanye vidanji kila mwezi, asingoje hesabu nyingine, na wa lori ahesabu foleni zake.

Vumbi letu jekundu nalo lina mchanga laini ndani, mgumu kuliko unavyodhani. Chujio la hewa likitoboka au likifungwa vibaya, mchanga huo unaingia silindani na kuishia kwenye mafuta, na hapo umeweka msasa mahali pa kulainisha. Wakati wa kiangazi fungua chujio la hewa kila wiki. Wakati wa mvua, ukipita kwenye maji yaliyofika juu ya tairi, simama upime mafuta. Ukiyaona yana rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena. Vuta gari mpaka garaji.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua bidoni ya lita 4 mahali fulani mjini. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, karatasi inang'aa. Baada ya kilomita 2,000 hivi taa nyekundu ya mafuta ikaanza kupepesa kwenye kona. Tulipomwaga, yalitoka membamba, meusi, yananuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Fundi alikata chujio la mafuta kwa msumeno wa chuma. Karatasi ya ndani, ambayo hukunjwa kama feni, ilikuwa imelala upande mmoja, na katikati ya mikunjo kulikuwa na tope jeusi. Alilipitisha kati ya vidole, akanionyesha kidole gumba: chembe ndogo zinazometa kwenye mwanga. Ulikuwa unga wa chuma, na chuma hicho kilikuwa cha injini yangu. Bidoni ile ilikuwa na mafuta ya zamani yaliyochujwa kwa kitambaa, yakapata nguo mpya.

Tangu siku hiyo nina taratibu zangu. Nanunua mwenyewe, situmi mtoto wala fundi. Nanunua mahali penye jina na mlango, ambapo nitarudi nikidanganywa. Naangalia pete ya kifuniko kama imekatika, naangalia namba iliyochapwa kwenye plastiki kama inasomeka au imefutwa kwa msasa. Naenda na bidoni yangu, nasimama pale, inafunguliwa mbele ya macho yangu. Na chujio la mafuta linabadilishwa siku hiyohiyo, kila mara. Kutia mafuta mapya juu ya chujio la zamani ni kuoga na kuvaa shati lilelile la jasho.

Jambo dogo, ila limeharibu injini: kipimo. IST na wenzake wenye injini ya 1NZ hubeba kama lita 3.7 pamoja na chujio. Bidoni ina lita 4, wakati mwingine 5. Fundi, ili mteja asidhani ameibiwa, humimina yote. Mafuta yakizidi sana, vyuma vinavyozunguka chini huyapiga kama mtu anayepiga mayai, yanajaa povu, na povu halilainishi kitu. Simama kwenye uwanja ulio sawa, zima, ngoja dakika tano, toa kijiti, kifute, kirudishe, kitoe tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Yaliyobaki rudi nayo nyumbani. Ni yako.

Wengine wataniambia, yaya, mafuta yanakuwa meusi upesi, kwa hiyo ni mabovu. Hapana. Mafuta mazuri yana sabuni ndani, yanaosha injini na kubeba uchafu mpaka kwenye chujio. Kwenye dizeli yanaweza kuwa meusi siku ileile. Yakikaa meupe miezi mitatu ndani ya injini chafu, hapo ndipo uulize.

Jirani yangu? Jumamosi iliyofuata tulimwaga ile arobaini, tukatia 5W-30 na chujio jipya. Asubuhi ya Jumapili nilikuwa uani tena. Sauti haikwisha yote, maana chuma kilichokwisha kulika hakirudi. Lakini sikupata nafasi ya kuhesabu mpaka mbili.

Limebaki la mafuta tuliyoyamwaga. Yalikuwa kwenye beseni, na kijana mmoja alitaka kuyachukua akapake mbao dhidi ya mchwa. Mwingine alitaka tuyamwage kwenye mfereji. Mafuta ya zamani yana masizi, asidi na vumbi la metali, na yakizoea ngozi ya mkono miaka mingi yanaweza kuleta saratani. Wanangu wa garaji, nawaeni mikono kwa sabuni, msinawe kwa esansi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kipimo kimoja cha mafuta hayo kinaweza kuharibu vipimo milioni moja vya maji. Na mfereji wetu unakwenda wapi kama si mtoni, na mto wa Lubumbashi unakwenda wapi kama si Kafubu? Kuna nyumba ngapi katika mitaa yetu zinazokunywa maji ya kisima? Yarudisheni kwenye bidoni, yafungeni, muwape wanaoyakusanya kwa ajili ya viwanda au kituo cha mafuta kinachoyapokea. Mkikosa leo, yahifadhini mbali na watoto mpaka mpate.

Na bidoni nyingine inayobaki tupu, ile yenye karatasi nzuri na kifuniko kizima, usimpe mtu, usiiuze, usiiache garajini. Hiyo ndiyo nguo inayotafutwa na wale walioniuzia mafuta ya kuchujwa. Chukua msumari, itoboe chini mara tatu, chana karatasi yake kwa kisu. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, toa kijiti upime, kisha washa na usikilize, ukihesabu sekunde. Ukifika mbili na sauti ingalipo, fungua boneti uitafute ile karatasi ya Kijapani.